C, Java, Python au JavaScript? Zipime zote kwa namba moja ya simu

Karibu kila wiki kuna kijana ananitumia meseji, kaka naomba ushauri, nianze na lugha gani ya programu, na mara nyingi ameshasoma majibu mpaka amechoka, huyu kamwambia Python ndo rahisi, mwingine kamwambia bila C hujui kitu, mwingine anasema Java ndo yenye ajira, halafu kuna yule anayesema JavaScript inamaliza kila kitu. Wote wana ukweli wao, na shida inaanzia hapo hapo, manake kila mmoja anajibu kwa kazi anayofanya yeye, sio kwa kazi unayotaka kufanya wewe.

Mimi hili nimejifunza kwa kuumia. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mfumo mdogo wa michango ya kikundi, mwanachama anaandikishwa jina na namba ya simu, mwisho wa mwezi anapata meseji ya salio lake. Nikahifadhi namba za simu kama namba. Sifuri zote za mwanzo zikapotea, 07 ikawa 7, meseji hazikwenda, na wanachama wakaanza kwenda kwa mweka hazina mmoja mmoja kumuuliza pesa zao ziko wapi. Pesa zilikuwepo zote, lakini mweka hazina wa watu alikaa wiki nzima akitazamwa kama mwizi kwa sababu ya uamuzi niliofanya mimi kwa sekunde mbili. Tangu hapo nikitaka kuijua lugha vizuri naipa namba ya simu kwanza, halafu ndo tuongee mengine.

Nitazipimaje

Vigezo ni vitano, na vyote nitavitumia kwa kila lugha. Ilikotoka na ilitengenezwa kwa kazi gani, manake lugha ikikua haiachi tabia za utotoni. Mzigo gani inakubebea na upi inakuachia. Kosa lako unalikuta lini, kabla programu haijaanza kukimbia au mteja akiwa ameshashika simu mkononi. Namba ya simu inafanywaje. Na mwisho inamfaa nani.

Kipimo cha simu kina sehemu mbili. Kwanza naandika 0712 moja kwa moja kwenye msimbo, bila alama za nukuu, naiambia lugha initolee hiyo namba. Pili nachukua namba ya simu yote inayoanza na 255 au 254, zile tarakimu 12, naijaribu kwenye namba nzima (isiyo na desimali) ya kawaida ya lugha hiyo.

Mishahara sijaiweka kwenye vigezo, inabadilika mji kwa mji na mwaka kwa mwaka, na nimeona watu wanne wa lugha nne tofauti wanaishi vizuri tu.

Kabla hatujaingia, kidogo kuhusu tulikotoka. Mwanzoni mtu alikuwa anaiandikia mashine namba tupu. Mwaka 1952 Grace Hopper akatengeneza A-0, ambayo ilikuwa inaunganisha vipande vya programu vilivyokwisha andikwa, halafu 1957 IBM wakatoa FORTRAN ya John Backus na timu yake, ukaweza kuandika fomula inayofanana na ya daftarini na kompaila, yaani programu ya kutafsiri, ikaigeuza kuwa lugha ya mashine. Wengi hawakuamini kwamba kompaila inaweza kutoa kitu chenye kasi kama cha binadamu. Na kila hatua baada ya hapo imekuwa ya namna hiyo hiyo, kuna mzigo unatolewa begani kwa programa unapelekwa sehemu nyingine. Haupotei, unahama. Ukijua umehamia wapi umeshaielewa lugha nusu yake.

C

Ilikotoka. Dennis Ritchie, Bell Labs huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiijenga juu ya lugha ya B ya Ken Thompson. Mwaka 1973 Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, ikaandikwa upya kwa C, na hiyo ndo ilikuwa kazi yake hasa, kuandika mfumo wenyewe wa kompyuta. Kiini cha Linux mpaka leo kwa sehemu kubwa ni C, na hata ile Python ambayo wengi wanaitumia, programu inayoiendesha imeandikwa kwa C.

Mzigo. Inakuachia karibu wote. Memori, sehemu ambayo programu inaweka data ikiwa inakimbia, unaiomba mwenyewe na unairudisha mwenyewe, ukisahau kuirudisha programu inavimba taratibu, ukiirudisha mara mbili au ukisoma nje ya mpaka wako basi lolote linaweza kutokea. Mwaka 2014 ulimwengu mzima ulihangaika na Heartbleed, kosa ndani ya OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, ambapo seva ilikuwa inaulizwa irudishe maneno machache na inaamini urefu inaoambiwa bila kuhakiki, kwa hiyo inarudisha hadi kilobaiti 64 za memori iliyokuwa jirani, na humo mna nywila za watu na funguo za siri. Na mwaka 2019 Microsoft wenyewe walisema karibu asilimia 70 ya matundu ya usalama wanayoyaziba kila mwaka yanatokana na memori. Hawa ni watu wenye uzoefu wa miaka mingi, sio wanafunzi, kwa hiyo usijione mjinga C ikikushinda.

Kosa unalikuta lini. Mengine kompaila inakukamata, mengine programu inakufa ghafla bila maelezo, na mabaya zaidi ni yale ambayo programu inaendelea kama kawaida na majibu ya uongo.

Namba ya simu. Hapa ndo pazuri. Ukiandika 0712 C inakutolea 458. Haijakosea, kwenye C namba inayoanza na sifuri inasomwa kwa msingi wa nane, yaani kuhesabu kwa tarakimu 0 hadi 7 tu, na saba mara 64 jumlisha nane jumlisha mbili ni 458. Tabia hiyo imetoka kwenye B, na B ilizaliwa enzi za mashine kama PDP-7 iliyokuwa inashika data kwa vipande vya biti 18 (biti ni 0 au 1), ambazo zinagawanyika vizuri kwa biti tatu tatu, na biti tatu ni tarakimu moja ya msingi wa nane. Yaani mashine ya miaka ya 60 inakuharibia namba ya simu leo. Ukiandika 0789 inakataa kabisa, manake kwenye msingi wa nane hakuna 8 wala 9. Sehemu ya pili, namba ya tarakimu 12 haiingii, namba nzima ya kawaida kwenye mashine nyingi inaishia 2,147,483,647, na ukilazimisha kompaila nyingi zitatoa onyo tu halafu zinahifadhi namba nyingine kabisa.

Inamfaa nani. Anayetaka kugusa chuma, mtu wa mita za umeme, vifaa vya kumwagilia shamba, mashine ndogo zenye memori ya kubana, au mwanafunzi anayetaka kujua chini kuna nini. Laptopu yoyote inatosha, hata ile ya zamani. Kama unapenda kazi hizi lakini unaogopa hatari za memori basi iangalie na lugha ya Rust, iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2015, yenyewe kompaila inakubana kwenye memori kabla hata programu haijaanza, na kuanzia Linux 6.1 ya Desemba 2022 imeruhusiwa mpaka ndani ya kiini. Ila ni ngumu kuanzia, nasema kweli.

Java

Ilikotoka. James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems walianza 1991 wakilenga vifaa vya nyumbani, ikatoka rasmi 1995, na ahadi ilikuwa uandike mara moja programu ikimbie popote palipo na mashine yake, JVM. Mwaka 2010 Oracle wakainunua Sun.

Mzigo. Memori unaombewa na unafagiliwa, kuna mfagiaji anapita anaondoa kisichotumika tena, wazo ambalo lilikuwepo kwenye lugha ya LISP tangu mwishoni mwa miaka ya 50 ila Java ndo iliyoliingiza maofisini. Badala yake inakupa mzigo wa mpangilio, kila kitu useme ni cha aina gani (namba, maandishi au kingine) na kiko kwenye darasa lipi, yaani fungu la msimbo, na mtu anayeanza anaona anaandika mistari mingi kwa jambo dogo. Siku hizi wamepunguza sana, ukiwa na Java mpya maandishi ni mafupi kuliko ya vitabu vya zamani vinavyozunguka vyuoni, kwa hiyo usiihukumu kwa vitabu hivyo.

Kosa unalikuta lini. Mengi unayakuta mapema, kompaila haikubali uchanganye aina. Lakini kuna null, kitu ambacho hakipo lakini kinajifanya kipo, kinakuangusha programu ikiwa inakimbia. Tony Hoare aliyeianzisha mwaka 1965 alikuja kuiita kosa lake la dola bilioni. Kotlin, lugha jirani ya Java ambayo Google wanaipendekeza kwa Android tangu 2019 imejengwa kukulazimisha useme mapema kama kitu kinaweza kukosekana.

Namba ya simu. 0712 inatoa 458. Ndiyo, mtoto karithi kwa mama, Java ilichukua maandishi ya C ili maprograma wa wakati huo wasijisikie wageni na hii nayo ikaingia. Tarakimu 12 kompaila inazikataa hapo hapo mpaka utumie aina kubwa zaidi, ambayo ni tabia nzuri. Ila kuna mtego, ukiwa na 2,147,483,647 kwenye namba ya kawaida ukaongeza moja, Java inageuka kuwa hasi bila neno lolote. Sasa fikiria Sacco inayohifadhi salio kwa senti, kikomo hicho ni shilingi 21,474,836 na senti 47, na Sacco inapita hapo kirahisi sana.

Inamfaa nani. Anayelenga mabenki, mifumo mikubwa ya serikali na makampuni, au Android kupitia Kotlin. Faida yake kubwa ni timu, watu ishirini wanaweza kushika mfumo mmoja miaka kumi bila kupotezana. Kwa Android andaa laptopu ya RAM isiyopungua GB 8, ya GB 4 itakutesa mpaka ukate tamaa ukidhani wewe ndo huwezi.

Python

Ilikotoka. Guido van Rossum alianza kuiandika Desemba 1989 kwenye taasisi ya CWI, Amsterdam, ikatoka 1991. Alitaka lugha inayosomeka, na hilo amefanikiwa kuliko wengi, kuna watu wa hesabu, wa takwimu, wa kilimo na afya ambao hawajioni kama maprograma kabisa lakini Python wanaandika.

Mzigo. Inakubebea memori, inakubebea aina, inakubebea hata ukubwa wa namba. Mzigo uliohama ni muda, mzunguko wa hesabu ulioandikwa kwa Python tupu unaweza kuwa taratibu mara makumi kuliko wa C, na zile maktaba za data (msimbo uliokwisha andikwa unaoutumia) zenye kasi ni kwa sababu ndani yake kazi nzito inafanywa na C na Fortran.

Kosa unalikuta lini. Kwa kuchelewa. Fankshoni, kipande cha msimbo unachokiita kwa jina, yenye kosa la aina inakaa kimya hadi siku mtu anapoiita, inaweza kuwa miezi. Tangu 2015 unaweza kuandika aina pembeni ya vigeu (majina unayohifadhia data), lakini Python yenyewe haizikagui ikikimbia, unahitaji chombo kingine cha kuzipitia. Jambo la kuipongeza ni kwamba haijiumaumi, ukijumlisha maandishi na namba inakataa na inakwambia mstari gani.

Namba ya simu. 0712 inakataliwa, na 0789 inakataliwa. Python 2 ilikuwa inatoa 458 kama wengine, lakini Python 3 ya mwaka 2008 ikaifuta ile tabia. Hayo mabadiliko ya 2008 yaliwaumiza watu, misimbo mingi ya zamani haikukimbia tena na Python 2 ilikuja kuzikwa rasmi Januari 2020, miaka zaidi ya 11 baadaye, ila mimi naamini ulikuwa uamuzi wa kijasiri na wa haki kwa wanaokuja nyuma. Tarakimu 12 zinaingia bila shida, hata tarakimu 1,000 zinaingia. Ila ngoja, zikishuka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kwenye safu ya namba za kawaida, kikomo ni kile kile cha bilioni mbili na kitu, inakataa. Umeona mzigo ulivyohama?

Inamfaa nani. Anayeanza kabisa bila mwalimu, mtu wa data na utafiti, mtu wa ofisini anayetaka kuachana na kunakili mafaili ya Excel kwa mkono, na upande wa seva kwa Django au Flask, vifaa vya Python vya kujengea tovuti. Kwa apu za simu sio mahali pake.

JavaScript

Ilikotoka. Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni ya brauza, ili kurasa za wavuti ziweze kujibu mtu anapobonyeza. Jina lilifananishwa na Java kwa sababu za soko, hazina undugu wa karibu. Mwaka 2009 Ryan Dahl akatoa Node.js, programu ya kuiendesha nje ya brauza, ikahamia na kwenye seva.

Mzigo. Inakubebea memori na haikuombi useme aina. Mzigo wake mkubwa ni kusubiri. JavaScript ina mstari mmoja wa kazi, ikiomba kitu mtandaoni haisimami hapo, inaendelea na mengine halafu jibu likija ndo inalishughulikia, kwa hiyo programu haisomeki juu kwenda chini kama hadithi na wengi wanaoanza hapa ndo wanapopotelea.

Kosa unalikuta lini. Mara nyingine hulikuti kabisa, inakusaidia hata pale ambapo hukutaka msaada. Mchango wa 500 uliotoka kwenye fomu ni maandishi, ukiujumlisha na 200 unapata 500200, lakini ukitoa 200 unapata 300. Hilo kwenye mfumo wa pesa ni janga. TypeScript ya Microsoft, JavaScript iliyoongezewa aina, 2012, ilikuja kuziba hapo kwa kukagua aina mapema, na kwa mradi wowote wa zaidi ya mtu mmoja ningeanza nayo moja kwa moja.

Namba ya simu. Kwa mtindo wake wa zamani 0712 inatoa 458 na 0789 inatoa 789. Rudia kusoma hapo. Wateja wawili, orodha moja, mmoja namba yake imegeuzwa na mwingine imepoteza sifuri tu, na hakuna ujumbe wa kosa. Kwa mtindo mkali (strict mode), ambao ndo wa moduli za siku hizi, yaani mafaili ya msimbo yanayounganishwa, zote mbili zinakataliwa. Tarakimu 12 zinaingia, kikomo cha usalama ni 9,007,199,254,740,991.

Inamfaa nani. Anayetaka watu waone kazi yake haraka, unahitaji brauza tu, na ukituma linki mtu anaifungua kwenye simu yake ya bei nafuu. Pia anayefanya peke yake mbele na nyuma ya mfumo.

Ambayo hakuna itakayokubebea

Namba ya simu ikitoka kwenye fomu na ukaigeuza kuwa namba, lugha zote nne zinakupa 712. Hapo ni ndugu wamoja. Namba ya simu ni maandishi, hatujumlishi namba za simu, na hakuna kompaila itakayokuambia hivyo.

Pesa ni vile vile. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida, kwenye zote nne jibu la ndani ni 0.30000000000000004, C itakuficha kwa kukata desimali ukiitoa kwa kawaida lakini liko humo, manake zote zinatumia kanuni ya IEEE (chama cha wahandisi) ya 1985 iliyo ndani ya chuma. Hifadhi senti kama namba nzima iliyo kubwa ya kutosha, au tumia aina ya desimali kamili inayotolewa kwa kazi hiyo.

Na kusubiri. Ukimsukumia mteja ombi la M-Pesa aingize PIN, lile jibu la kwanza linasema ombi limepokelewa tu, malipo yenyewe yanathibitishwa baadaye kwa ujumbe unaokuja kwenye seva yako, unaweza kuchelewa na unaweza kuja zaidi ya mara moja. Ukitoa bidhaa kwa jibu la kwanza umegawa bure, ukiandika malipo kila ujumbe unapokuja umemhesabia mteja mara mbili. Siku hizi AI inakuandikia yote haya kwa dakika moja na inaandika vizuri tu, lakini anayejibu kwa mweka hazina ni wewe, kwa hiyo ni lazima uweze kusoma ilichoandika na kuuliza, hii namba umeihifadhi kama nini?

Sasa wewe uko wapi

Huna mwalimu, huna uhakika kama utaipenda kazi hii, anza na Python, miezi mitatu utajua. Unataka kulipwa na wenye maduka na mahoteli kwa kuwatengenezea mifumo, JavaScript halafu TypeScript mapema usichelewe. Unatamani apu za Android, nenda Kotlin, Java utaielewa njiani kwa sababu misimbo mingi ya zamani bado ni ya Java, ila laptopu kwanza. Una nafasi ya mafunzo benki au kwenye kampuni kubwa, Java, na usiogope maneno mengi. Unapenda solda na vifaa, C moja kwa moja.

Una simu tu, laptopu bado, jifunze Python au JavaScript kwa kuandika programu fupi fupi kwenye apu au kwenye kurasa zinazokuendeshea msimbo, nimeona vijana wamefika mbali hivyo.

Na kama uko chuo mwaka wa kwanza mnafundishwa C na unaona inakupotezea muda, usiiache, imalize muhula huu huku pembeni ukijenga kitu chako kwa Python au JavaScript, na siku mkifika kwenye aina za namba mwombe mwalimu dakika tano, andika 0712 ubaoni, waulize wenzako itatoa nini.